Je, Wajua? Maajabu ya Mlima Rich, 1861

Ukitaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, wengi watakumbuka Lincoln, Gettysburg na kufutwa kwa utumwa. Wachache watakumbuka Mlima Rich. Huko magharibi ya Virginia, tarehe 11 Julai 1861, vita vikiwa na miezi mitatu tu, watu wa Kaskazini na wa Kusini walipigana katikati ya miti na mvua, na kabla jua halijazama kazi ilikuwa imekwisha. Lakini fuata habari za waliokuwepo pale mlimani na jirani zake, uone zinavyokupeleka California, Brooklyn, Mahakama Kuu ya Marekani na hata madukani Unguja.

Jeshi zima lilimfuata kijana wa shamba

Askari wapatao 1,900 wa Kaskazini walipanda Mlima Rich wakiongozwa na raia mmoja, kijana aliyeitwa David Hart, na sababu ya kumfuata ilikuwa nyepesi: nyumba ya baba yake ilikuwa juu mlimani, pale barabara inapovuka kilele.

Hali ilikuwa hivi. Barabara moja tu ya maana ilikatiza milima ile, ya kutoka Staunton hadi Parkersburg, na watu wa Kusini walikuwa wameiziba chini ya mlima, upande wa magharibi, kwa magogo na mahandaki. Wapatao 1,300 walikuwa kambini humo, chini ya Luteni Kanali John Pegram. Kuwavamia uso kwa uso kungegharimu roho nyingi. Hart alifika kwa Brigedia Jenerali William Rosecrans na habari tamu: ipo njia ya kuzunguka msituni, upande wa kusini, ambayo itawatokeza nyuma ya adui, kwenye shamba la nyumbani kwao.

Waliondoka alfajiri. Mvua ikanyesha, vichaka vikawa vizito, mteremko ukawa utelezi mtupu. Walitarajia kufika asubuhi. Wakatokea juu saa nane mchana, wameloa chepechepe. Kundi la watu 1,900 limepenya msituni karibu siku nzima, na njia yenyewe wameonyeshwa na kijana aliyeijua milima ile tangu utotoni.

Pegram alijua anazungukwa, akaangalia upande usio sahihi

Mpango wa Rosecrans ulivuja kabla haujatimia. Mjumbe mmoja wa farasi wa jeshi la Kaskazini alipotea njia akiwa na ujumbe, akaangukia mikononi mwa watu wa Kusini. Pegram akatambua kwamba kuna kikosi kinamzunguka. Ila alidhani kinapitia kaskazini ya kambi yake, na Rosecrans alikuwa kusini. Habari ya kweli yenye pengo moja ilimponza kuliko kutokuwa na habari kabisa.

Watu 310 na mzinga mmoja walisimamisha 1,900

Pale kileleni, kwenye shamba la Hart, Pegram alikuwa ameweka kikosi kidogo cha walinzi: watu 310 na mzinga mmoja, chini ya Kapteni Julius de Lagnel. Kwa hesabu ya haraka, kila mmoja alikabiliana na watu sita. Hata hivyo walishikilia kwa zaidi ya saa mbili, wakajificha nyuma ya magogo na mawe ya shamba lile, na wapiga mzinga walipoanguka de Lagnel mwenyewe akaenda kuushika na kuufyatua.

Alijeruhiwa, na kwa siku kadhaa ikasemekana amekufa. Kumbe alijikokota hadi msituni, akapata hifadhi kwa watu wa milimani, na alipopata nguvu akajaribu kurudi kwa wenzake akiwa amevaa kama mchunga mifugo. Walinzi wa Kaskazini wakamsimamisha njiani. Nguo zilikuwa za mchungaji, maneno pia alijitahidi. Kilichomfichua ni buti: zilikuwa za kifahari mno kwa mtu anayeshinda na ng'ombe. Nimesoma habari nyingi za majasusi na watoro wa vita, na hii ya buti naipenda kuliko zote, maana hapo ndipo unapoona ofisa amebadilisha kila kitu ila kile asichoweza kutembea bila ya kuwa nacho.

Jenerali mshindi hakupigana

Ushindi wa Mlima Rich uliandikwa kwa jina la Meja Jenerali George McClellan, mtu wa miaka 34, ambaye siku hiyo hakushambulia kabisa.

Makubaliano yalikuwa kwamba Rosecrans akianza kupiga juu mlimani, McClellan aliyebaki chini na jeshi kubwa zaidi apige kambi ya Pegram kwa mbele. Milio ya bunduki ikasikika. McClellan akasubiri. Halafu kutoka kambi ya adui zikasikika shangwe, na akaonekana ofisa akiwahutubia watu wake. McClellan akahitimisha kwamba Rosecrans ameshindwa. Jioni ikaingia, askari wake wakarudi kulala, na huko juu Rosecrans alikuwa ameshashinda, akijiuliza wenzake wako wapi. Kulipokucha kambi ya Pegram ilikuwa tupu; wengi wametoroka usiku kupitia msituni.

Ushindi huo uligharimu jeshi la Kaskazini watu 12 waliouawa na wengine wapatao 50 waliojeruhiwa. Kabla ya vita kwisha mwaka 1865, waliokufa pande zote mbili walipita laki sita. Pegram naye, baada ya kuhangaika milimani na watu wake bila chakula, alijisalimisha tarehe 13 Julai akiwa na zaidi ya askari 500.

Sifa zilisafiri kwa waya

Kwa nini basi aliyesubiri ndiye aliyesifiwa? Jibu moja ni telegrafu. Jeshi la McClellan lilikuwa la kwanza Marekani kuvutiwa nyaya za telegrafu likiwa linasonga vitani, kambi hadi kambi, kazi iliyosimamiwa na Anson Stager, mtu wa kampuni ya Western Union. McClellan aliandika taarifa fupi zenye majigambo, na waya ukazifikisha Washington. Magazeti yakazidaka, yakamwita Napoleon kijana.

Siku kumi baadaye, tarehe 21 Julai, jeshi kubwa la Kaskazini lilipigwa vibaya pale Bull Run, karibu na mji mkuu. Lincoln alihitaji jenerali aliyeshinda mahali, popote. Kesho yake telegramu ilimfikia McClellan huko milimani: njoo Washington. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa kamanda mkuu wa majeshi yote ya Kaskazini. Rosecrans, aliyetembea kwenye mvua, alibaki milimani na hasira zake, na kwa maoni yangu zilikuwa hasira za haki.

Jenerali wa kwanza kuuawa ndiye aliyechora nembo ya California

Ukitazama nembo rasmi ya jimbo la California utaona Minerva, mungu wa kike wa Warumi, ameketi na dubu miguuni pake. Nyuma yao kuna mchimba dhahabu, merikebu majini na safu ya milima. Mchoro huo ulibuniwa mwaka 1849 na ofisa kijana wa jeshi la Marekani, Robert Selden Garnett.

Miaka 12 baadaye Garnett alikuwa brigedia jenerali wa Kusini, mkuu wa Pegram, akiwa na kambi yake kwenye mlima wa jirani uitwao Laurel. Aliposikia Mlima Rich umetekwa, alihama usiku kwenda mji wa Beverly. Njiani akapewa habari kwamba Beverly umeshashikwa na adui. Habari hiyo ilikuwa ya uongo. Njia ilikuwa bado wazi. Garnett akageuka, akaingia milimani kwa njia za matope, askari wa Kaskazini wakimfuata kwa alama za mahema na mizigo iliyotupwa njiani ili mikokoteni iwe mepesi.

Tarehe 13 Julai wakamfikia kwenye kivuko cha Corrick, mahali pa kuvukia maji ya mto Cheat. Badala ya kutangulia na kikosi kikuu, alibaki nyuma na wadunguaji wachache kuzuia waliowafuata. Risasi ikampata hapo. Alikuwa jenerali wa kwanza kuuawa katika vita ile, upande wowote.

Na hapa ndipo kisa chake kinapogusa moyo. Miaka mitatu kabla ya hapo, homa ilikuwa imemuua mkewe na mtoto wao mdogo wa kiume huko magharibi ya mbali alikokuwa akitumikia. Mke alikuwa mtu wa New York, na yeye na mwanawe walizikwa Brooklyn, kwenye makaburi ya Green-Wood. Askari wa Kaskazini walioupata mwili wa Garnett waliutunza kwa heshima, mmoja wao akiwa ofisa aliyesoma naye zamani, na baadaye jenerali huyu wa Kusini akazikwa Brooklyn, katikati ya nchi ya adui zake, kando ya mkewe na mwanawe.

Dada yake Stonewall Jackson aliwauguza adui za kaka yake

Thomas Jackson, ambaye Bull Run ingempa jina la Stonewall, alikuwa mzaliwa wa milima hiyo hiyo. Dada yake wa damu, Laura Jackson Arnold, aliishi Beverly, chini kabisa ya Mlima Rich. Yatima hawa wawili walikuwa wamependana na kuandikiana barua kwa miaka mingi. Vita ilipokuja, kaka akaenda na Kusini. Dada akashika upande wa Muungano, yaani Kaskazini, kwa nguvu zote, akawauguza majeruhi wa Kaskazini. Hawakupatana tena hadi Jackson alipokufa Mei 1863.

Mguu wa mbao za mapipa ulianzisha kampuni iliyopo hadi leo

Wiki tano kabla ya Mlima Rich, tarehe 3 Juni 1861, mji wa Philippi ulio jirani ulishambuliwa alfajiri. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye miaka 18, James Hanger, alikuwa amejiunga na jeshi la Kusini siku chache tu kabla ya hapo, akilala kwenye banda la farasi. Tufe la mzinga likadunda ardhini, likaingia bandani, likamvunja mguu. Daktari wa jeshi la Kaskazini akaukata juu ya goti. Hanger akawa wa kwanza kukatwa kiungo katika vita vile. Makumi ya maelfu wangemfuata.

Alirudi nyumbani Staunton akiwa na kigogo cha mti kilichofungwa kama mguu. Akajifungia chumbani miezi kadhaa. Familia ilidhani anaomboleza. Alikuwa anachonga mbao za mapipa, anaweka viungo, anajaribu, anavunja, anaanza upya, hata siku moja akashuka ngazi kwa miguu miwili. Virginia ikampa kazi ya kuwatengenezea askari wengine, na kampuni yenye jina lake ingali inatengeneza viungo bandia katika karne hii ya 21.

Mwandishi aliyetoweka alijifunza vita hapa

Miongoni mwa vijana wa kikosi cha 9 cha Indiana waliopigana Philippi na Mlima Laurel alikuwemo Ambrose Bierce, miaka 19. Baadaye alikuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa hadithi za vita Marekani, na picha za milima ile zilimfuata katika maandishi yake. Mwishoni mwa 1913, akiwa mzee wa miaka 71, alikwenda Mexico wakati wa mapinduzi ya huko na hakuonekana tena.

Theluji mwezi wa nane

Baada ya Mlima Rich, askari wa Kaskazini walijenga ngome juu ya Mlima Cheat, mashariki yake, kiasi cha mita 1,245 juu ya bahari. Hiyo ni chini ya Arusha. Lakini Agosti 1861, wakati wa kiangazi chao, theluji iliwaangukia, nao wamevaa sare za msimu wa joto.

Septemba ikaja zamu ya Robert E. Lee, jenerali wa Kusini ambaye leo anajulikana dunia nzima. Hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza mashambulizi katika vita hivyo, na aliharibikiwa. Vikosi vyake vilipita njia tofauti msituni, kwenye mvua na baridi, vikisubiri Kanali Albert Rust afyatue risasi za kwanza kwenye ngome. Rust alifika. Akawakamata walinzi wachache wa Kaskazini, akawauliza mko wangapi. Wakamjibu bila kupepesa: maelfu. Waliokuwa mbele yake walikuwa mia chache tu. Rust akaamini, akarudi nyuma, na Lee akabaki akitega sikio kwa milio ambayo haikuja.

Linganisha sasa. Julai, McClellan alisikia milio akaielewa vibaya. Septemba, Lee aliisubiri na hakuisikia. Magazeti yakamwita mmoja Napoleon na mwingine yakambandika jina la Bibi Kizee. Juni 1862 Bibi Kizee huyo alikabidhiwa jeshi la Kusini nje ya Richmond, akamfurusha Napoleon kwa mapigano ya wiki moja.

Mwenye nyumba ya Washington alifia hapa

Katika msafara huo wa Lee alikuwepo msaidizi wake, Kanali John Augustine Washington. Ndugu yake rais George Washington alikuwa baba wa babu yake. Na zaidi ya ukoo, huyu ndiye mtu binafsi wa mwisho kumiliki Mount Vernon, nyumba ya rais huyo. Mwaka 1858 alikubali kuiuza kwa dola 200,000 kwa chama cha wanawake kilichoongozwa na Ann Pamela Cunningham, ambao walichangisha fedha ili isianguke. Tarehe 13 Septemba 1861 alipigwa risasi akiwa anapeleleza njia pamoja na mwana wa Lee. Nyumba aliyoiuza ipo hadi leo, chini ya chama kile kile.

Lee aliondoka milimani na farasi moyoni na ndevu kidevuni

Vuli hiyo, kwenye Mlima Sewell, Lee alimwona farasi wa kijivu wa mtu mwingine akampenda. Farasi alikuwa ameshabadilishwa jina mara moja. Mapema 1862 Lee alimnunua kwa dola 200 akamwita Traveller, na ndiye aliyempanda hadi siku ya kusalimu amri mwaka 1865. Zile ndevu nyeupe za kwenye picha zake pia zilianza kukua katika kampeni hii. Kabla ya hapo alikuwa na masharubu tu. Vita ilipokwisha akawa mkuu wa Washington College mjini Lexington, chuo kile kile alichokiacha Hanger ili akajiunge na jeshi. Mifupa ya Traveller ilihifadhiwa huko miaka mingi na kuzikwa mwaka 1971.

Vita vilifika madukani Unguja

Miaka ya kabla ya 1861, kitambaa kilichotawala soko la Unguja na mizigo ya misafara ya bara kilikuwa merikani, pamba imara isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Kilipimwa kwa mkono na doti, kikalipia pembe, chakula na hongo za njiani. Viwanda vya Massachusetts vilitegemea pamba ya majimbo ya Kusini, iliyolimwa na watumwa. Bunduki zilipolia, pamba ikaadimika, na merikani ikaadimika nayo Unguja. Nguo za Uingereza na za India zikaingia kujaza nafasi, na Wamarekani waliporudi sokoni baada ya vita walikuta wenzao wameshakaa.

Virginia iligawanyika kwa ruhusa ya Virginia

Katiba ya Marekani inasema jimbo haliwezi kukatwa jimbo jingine bila idhini ya jimbo lenyewe. Wakazi wengi wa milimani walitaka kujitenga na Virginia iliyojiunga na Kusini. Nani angetoa idhini? Juni 1861, wiki chache kabla ya Mlima Rich, walikutana mjini Wheeling wakaunda serikali ya Virginia iliyo tiifu kwa Lincoln, wakamchagua Francis Pierpont kuwa gavana. Ushindi wa Julai ukaifukuza bunduki ya Kusini kutoka sehemu kubwa ya milima, nao wakapata nafasi ya kupumua. Serikali hiyo ya Wheeling, kwa jina la Virginia, ikatoa idhini, na tarehe 20 Juni 1863 West Virginia ikawa jimbo la 35.

Deni nalo likarithiwa. Kabla ya vita Virginia ilikuwa imekopa fedha nyingi kujenga barabara, mifereji na reli, na ilitaka binti yake alipe sehemu yake. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ikavutana miaka na miaka, hadi mwaka 1915 mahakama ilipoamua West Virginia ilipe zaidi ya dola milioni 12. Malipo ya mwisho yalikamilika mwaka 1939, miaka 78 baada ya David Hart kupanda mlima.